Mbao Ngumu Zinazoingia China na Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kulinganisha nchi mbili kwa kiasi cha mbao ngumu zinachoagiza huonekana kazi ya dakika kumi. Unapakua takwimu, unachora mistari miwili, unatazama upi uko juu. Maswali huanza baada ya hapo. Haya ndiyo yanayorudi kila mara, pamoja na majibu yake. Mfano ni China na Marekani, ila mbinu nyingi zitakufaa kwa nchi zozote mbili utakazozichagua.

Kwa nini China na Marekani?

Kwa sababu hakuna nchi mbili zinazompotosha mchambuzi mgeni kama hizi. Zote ni waagizaji wakubwa mno wa mbao, na ukizipanga kwa jumla ya mbao zote zinakaribiana. Lakini shehena ya Marekani sehemu kubwa ni mbao laini kutoka Kanada, zile za kusimamishia kuta na paa za nyumba. Mbao ngumu humo ni kidogo sana. China iliagiza mbao za kila aina kiasi cha mita za ujazo milioni 37 hivi kwa mwaka kati ya 2017 na 2019, na zilizo ngumu zilikuwa kama robo hadi theluthi. Ukichuja ngumu peke yake, China inaiacha Marekani mbali kabisa.

Mtu akiishia hapo atasema Wachina wanatumia mbao ngumu na Wamarekani hawazitumii. Hilo si kweli, na majibu mengi hapa chini yanaeleza kwa nini.

Mbao ngumu ni zipi hasa? Ni zile nzito?

Hapana. Katika takwimu za biashara, "ngumu" maana yake ni mbao za miti yenye majani mapana, na "laini" ni za miti ya jamii ya msonobari. Balsa, ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 150 hivi ikiwa kavu na unaweza kuitoboa kwa ukucha, imo kwenye kundi la mbao ngumu. Mpingo nao umo humo humo, na mita yake ya ujazo inapita kilo 1,200. Kumbuka pengo hilo, tutalirudia kwenye vipimo.

Ndani ya mbao ngumu kuna mgawanyo mwingine: za tropiki, kama mvule, mkangazi, msaji na meranti, na za nchi za baridi, kama mwaloni, cheri na popla. Kuweni waangalifu hapa. Mfumo wa HS, yaani namba za kimataifa ambazo forodha hutumia kupanga bidhaa, unatenga mbao za tropiki kwa kutazama zaidi aina ya mti. Shirika la Kimataifa la Mbao za Tropiki (ITTO), lenye makao yake Yokohama, linafuata mkataba unaotazama mti ulikua wapi, yaani kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni. Jedwali mbili zenye kichwa kimoja, "mbao ngumu za tropiki", zinaweza kuwa zinahesabu vitu viwili.

Nitumie namba gani za HS?

Mbao zilizopasuliwa ziko chini ya 4407, na sharti ni kwamba unene uzidi milimita 6. Chini ya hapo ni vinia (tabaka nyembamba za mbao), 4408. Magogo ni 4403. Mbao zilizokwisha kuchongwa ulimi na mfuo kwa ajili ya sakafu ni 4409, na plaiwudi ni 4412.

Ndani ya 4407, tarakimu mbili zinazofuata ndizo zinazokupa ngumu na laini. Zinazoanza na 1 ni za jamii ya msonobari, ziache. Zinazoanza na 2 ni za tropiki: 4407.28, kwa mfano, ni mvule. Zinazoanza na 9 ni mbao ngumu nyingine, kama 4407.91 ya mwaloni. Jumla ya mbao ngumu basi ni 4407.2 na 4407.9 zote kwa pamoja.

Namba hizi hubadilishwa kila baada ya miaka mitano au sita. Toleo la 2017 liliipa popla namba yake, 4407.97, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imefichwa ndani ya 4407.99. Toleo la 2022 likautoa msaji kwenye "nyinginezo" na kuupa 4407.23. Matokeo yake ni kwamba ukifuatilia 4407.99 peke yake utaona mporomoko mwaka 2017 ambao haukutokea bandarini. Uliotokea ni wa makaratasi. Kwa mfululizo wa miaka mingi, jumlisha kwanza hadi ngazi ya mbao ngumu zote, kisha ndipo uchore. Aina mojamoja zichunguze ndani ya toleo moja la HS.

Takwimu nizitoe wapi?

Kwa mfululizo mrefu, FAOSTAT ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa inaanzia 1961, kwa mita za ujazo, na ina safu inayotenga mbao zisizo za msonobari. Ubaya wake ni kwamba nchi isipotuma taarifa, shirika hukadiria. Kila tarakimu ina alama inayoonyesha kama ni taarifa rasmi au ni kadirio. Isome alama hiyo! Ukiona kiasi kile kile, hadi tarakimu ya mwisho, kimejirudia miaka mitatu mfululizo, ujue si uagizaji uliotulia. Ni mtu aliyenakili ya mwaka jana.

Kwa aina ya mti na nchi ilikotoka, tumia Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, au nenda moja kwa moja kwa forodha ya China na ofisi ya sensa ya Marekani. Kwa mbao za tropiki, ripoti za ITTO zina faida ya kuhaririwa na watu wanaoijua biashara yenyewe.

Ushauri wangu: chagua chanzo kimoja kwa nchi zote mbili na ukae nacho. Kuchukua China kutoka FAOSTAT na Marekani kutoka Comtrade ni kama kupima watoto wawili urefu, mmoja amevaa viatu na mwingine yuko pekupeku.

Kilo, mita za ujazo au futi za ubao?

Mita za ujazo, bila kusita. Hili ni eneo ambalo limewaaibisha wengi, nami nikiwemo. Niliwahi kuchora grafu nzuri iliyoonyesha uagizaji umepanda ghafla karibu mara mia saba. Nilikuwa nimeshuka safu moja ya jedwali, ambako kipimo kilibadilika kutoka mita za ujazo kuwa kilo. Mara mia saba ndiyo uzito wa mwaloni mkavu kwa mita ya ujazo, kati ya kilo 700 na 750. Kosa lenyewe lilikuwa linajitangaza, na mimi nikalitafutia sababu za kiuchumi.

Kwa hiyo tani hazilinganishiki kati ya nchi inayonunua balsa na inayonunua mpingo. Tani moja ya balsa inapita mita za ujazo sita. Ya mpingo haifiki hata moja.

Futi za ubao ni kipimo cha Wamarekani, na utakutana nacho kwenye taarifa za wafanyabiashara wao. Futi moja ya ubao ni kipande cha inchi 12 kwa inchi 12 chenye unene wa inchi 1. Chukua ubao wa unene wa inchi 1, upana inchi 6, urefu futi 8: hizo ni futi 4 za ubao, au mita za ujazo 0.0094. Mbao kama hizo 106 ndizo zinazojaza mita moja ya ujazo. Kwa hesabu za jumla, futi 1,000 za ubao ni mita za ujazo 2.36.

Kuna jambo moja zaidi ambalo jedwali haliwezi kukwambia. Mbao ngumu husinyaa kwenye tanuri la kukaushia. Wauzaji wa Marekani wana desturi mbili: wengine huhesabu ujazo uliopimwa mbao zikiwa mbichi, wengine hupima upya baada ya kukausha. Tofauti ni asilimia saba au nane hivi. Yaani mzigo ule ule unaweza kuandikwa futi 1,000 upande mmoja wa bahari na futi 925 upande wa pili, na hakuna aliyedanganya.

Nianzie mwaka gani?

Inategemea unauliza nini. Kama unataka kuona China ikigeuka kuwa mwagizaji mkubwa, anzia katikati ya miaka ya 1990 ili uwe na miaka ya kabla. Kama ni ushuru wa Trump ndio unaokusumbua, 2012 inatosha. HS yenyewe ilianza 1988, hivyo kurudi nyuma ya hapo kwa kutumia Comtrade ni kuingia kwenye mfumo mwingine wa namba.

Usianzie 2009. Huo ulikuwa mwaka wa shimo kwa biashara ya mbao karibu duniani kote, na chochote ukianzishie shimoni kitaonekana kinapaa.

Ni nini kilichopandisha mstari wa China?

Si jambo moja, na mpangilio wa miaka una maana.

Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika vibaya sana. Serikali ililaumu ukataji wa misitu kwenye vyanzo vya mto, ikaanzisha mpango wa kulinda misitu ya asili, na uvunaji ukapigwa marufuku katika maeneo makubwa. Mwaka uliofuata ushuru wa kuingiza magogo na mbao ulishushwa. Desemba 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani, na viwanda vya samani vikaanza kuuza nje kwa kasi. Mahitaji yakapanda huku mlango wa msitu wa ndani ukifungwa.

Ila mwanzoni kilichoingia kwa wingi kilikuwa magogo. China ilikuwa na viwanda na wafanyakazi, ilitaka kupasua yenyewe. Bandari ya Zhangjiagang, kwenye ukingo wa Yangtze, ilijulikana kwa magogo ya miti migumu kutoka Afrika na Pasifiki. Sasa tazama upande wa wauzaji: Gabon ilizuia kuuza magogo nje mwaka 2010, na China ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa magogo yake ya mti uitwao okoumé. Myanmar ikafuata Aprili 2014. Kila mlango wa magogo ulipofungwa, sehemu ya miti ile ile ilianza kupita mlango wa pili, ikiwa imepasuliwa. Mstari wa mbao ukapanda.

Hapo ndipo wengi hukosea. Sehemu ya kupanda huko ni China kutumia mbao nyingi zaidi. Sehemu nyingine ni msumeno tu kuhamia nchi ya muuzaji.

Kisha kuanzia 2014 China ilianza kuzuia uvunaji wa kibiashara kwenye misitu ya asili ya Heilongjiang, na kufikia 2017 zuio lilikuwa la nchi nzima. Misitu ya kaskazini mashariki ilikuwa ikitoa mbao ngumu za nchi za baridi, na pengo lile lilizibwa na Urusi, Ulaya na Marekani. Kutoka Thailand nako ziliingia mbao za miti ya mpira kwa wingi. Hizo ni za mashamba: mti ukishaacha kutoa utomvu wa kutosha hukatwa na kupasuliwa, ukaishia kuwa kiti au kabati.

Na wa Marekani mbona uko chini hivyo?

Kwa sababu Marekani ina msitu wake. Mashariki mwa nchi, hasa kwenye safu za Appalachia, kuna mwaloni, mjozi, cheri na popla kwa wingi kuliko viwanda vya ndani vinavyoweza kutumia. Marekani ni muuzaji wa mbao ngumu, na China imekuwa mteja wake mkubwa. Inachoagiza ni kile isichokuwa nacho: mti uitwao ipe kutoka Brazili kwa baraza za nje zinazonyeshewa mvua, mkangazi, sapeli, balsa, na mizigo ya jirani yake Kanada.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya samani vya North Carolina na Virginia vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, kazi ikahamia China. Januari 2005 Marekani iliweka ushuru wa kuzuia bei ya kutupa (yaani bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya chini isivyo haki) kwenye samani za vyumba vya kulala kutoka China, na sehemu ya kazi hiyo ikahamia Vietnam. Kwa hiyo mwaloni unakatwa Appalachia, unavuka Pasifiki ukiwa mbao, unageuzwa kitanda, unarudi. Kwenye takwimu za 4407, China au Vietnam ndiyo iliyoagiza mbao ngumu. Anayelala juu ya kitanda hicho ni Mmarekani, na kitanda kimeandikwa kwenye sura ya 94 ya HS, ile ya samani.

Ongeza soko la nyumba. Mwaka 2005 Marekani ilianza kujenga nyumba zaidi ya milioni 2, na 2009 zilishuka hadi 554,000. Sakafu, milango na makabati yalishuka nazo, na mbao za tropiki zilizokuwa zikiingia hazikurudi pale zilipokuwa.

Kwa hiyo niongeze samani kwenye hesabu?

Kama swali lako ni "nani anatumia mbao ngumu nyingi," ndiyo, huna njia nyingine. Kama swali ni "nani ananunua mbao zilizopasuliwa," hapana, na uandike hivyo waziwazi kwenye kichwa cha grafu.

Ukitaka kuunganisha magogo, mbao na plaiwudi kwenye mstari mmoja, wachambuzi hubadili kila kitu kuwa ujazo wa gogo. Kwa mbao ngumu kwa kawaida huzidisha kwa 1.8 hadi 2, kwa kuwa karibu nusu ya gogo huishia kuwa magome, unga wa msumeno na mabanzi. Namba hii ni wastani tu. Kiwanda chenye msumeno mwembamba na fundi makini hupata mbao nyingi zaidi kutoka gogo lile lile.

Vita vya ushuru vya 2018 vinaonekana kwenye takwimu?

Vinaonekana, ila usivipe kila kitu. Septemba 2018 China iliweka ushuru wa nyongeza kwenye mbao ngumu za Marekani, wa asilimia 5 hadi 10. Juni 2019 ukapandishwa kwa mbao nyingi hadi asilimia 25, na mapema 2020 waagizaji wakaanza kuruhusiwa kuomba msamaha wa ushuru huo. Mizigo ya Marekani iliyoingia China ilishuka sana katika kipindi hicho.

Lakini hapa unatazama mshirika mmoja. Jumla ya China ilipungua kidogo kuliko mzigo wa Marekani, kwa kuwa wanunuzi walihamia kwingine. Na kushuka kwa soko la nyumba la China baada ya 2020 kulifanya kazi yake bila kuhitaji ushuru wowote: mwaka 2022 mbao zote zilizoingia China, laini na ngumu, zilikuwa kiasi cha mita za ujazo milioni 26 na nusu.

Machi 2025 China ilisimamisha magogo ya Marekani kwa hoja ya wadudu waharibifu. Magogo, si mbao. Oktoba mwaka huo huo Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 10 kwenye mbao laini zinazoingia, na mbao ngumu hazikuguswa na kiwango hicho. Ukiona kichwa cha habari kimesema "mbao" tu, tafuta kwanza ni 4403 au 4407, ni laini au ngumu, kabla ya kubandika tukio hilo kwenye grafu yako.

Kuna mruko wa ajabu wa balsa mwaka 2019 na 2020. Ni makosa?

Si makosa, na ni mojawapo ya hadithi ninazozipenda kwenye data hii. Mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo huwa na balsa katikati, kwa sababu ni nyepesi na imara. China ilitangaza kwamba ruzuku kwa miradi mipya ya upepo ya nchi kavu ingekoma mwishoni mwa 2020, na kila mwenye mradi akakimbilia kuumaliza. Balsa nyingi duniani hutoka Ecuador. Bei ikapaa, wakataji wakaingia hadi kwenye ardhi za wenyeji wa Amazoni, kisha ruzuku ilipokwisha wanunuzi wakapungua, na watengenezaji wengi wakageukia povu la plastiki badala ya balsa.

Kwa tani, mruko huo ni mdogo sana na ungeupita bila kuuona. Kwa mita za ujazo unaonekana wazi.

Takwimu za muuzaji na mnunuzi hazilingani. Nimwamini nani?

Kawaida mwagizaji, kwa sababu forodha huangalia kwa makini kile inachokitoza. Tofauti ya kidogo haina tatizo: meli iliyoondoka Desemba hufika Februari, vipimo ni kabla au baada ya kukausha, mzigo uliandikwa unaenda Hong Kong kisha ukaendelea bara.

Tofauti ikiwa kubwa na ikajirudia kila mwaka, hapo simama. Inaweza kuwa mbao zilizopita nchi ya tatu, aina ya mti iliyoandikwa siyo, au uvunaji haramu unaosafishwa njiani. Wachunguzi wa biashara ya magendo huanzia hapo hapo, kwenye pengo kati ya jedwali mbili. Ila pengo peke yake si ushahidi.

Hong Kong niijumlishe na China?

Comtrade inaziweka tofauti. Ziache hivyo, utaje uamuzi wako. Ukijumlisha bila kuondoa mizigo inayotoka moja kwenda nyingine, utahesabu mbao zile zile mara mbili.

Nitumie kiasi au thamani?

Kiasi ndicho tunachokizungumzia, lakini weka thamani pembeni kama shahidi. Mfano ni hongmu, miti ya samani za kifahari za Kichina, ambayo kiwango cha taifa cha mwaka 2000 kiliiorodhesha kuwa aina 33, nyingi zikiwa ndugu wa mpingo na mninga. Kwa ujazo ni sehemu ndogo ya mbao ngumu zinazoingia China. Kwa thamani, mwaka 2014 soko lilipokuwa moto, ilikuwa jambo kubwa, na misitu iliyotoa miti hiyo Afrika na Asia ya Kusini Mashariki iliumia kwa kiwango ambacho mita za ujazo hazionyeshi.

Thamani nayo ina mitego yake. Nchi nyingi huandika uagizaji pamoja na nauli ya meli na bima. Takwimu kuu za Marekani huacha nauli nje.

Sheria za kulinda misitu zinaacha alama gani?

Mara nyingi alama ni ya kuhama, kuliko ya kupungua. Marekani ilirekebisha sheria yake ya Lacey mwaka 2008 ili ikataze pia mbao zilizovunwa kinyume cha sheria ya nchi zilikotoka, na waagizaji wakatakiwa kutaja jina la mti na nchi. China iliingiza katazo la kununua mbao haramu kwenye sheria yake ya misitu iliyoanza kutumika Julai 2020.

CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, huacha alama kali zaidi kwa sababu inagusa mti kwa jina. Jamii yote ya mpingo iliingia kwenye orodha yake ya pili, ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa, Januari 2017. Mkangazi, mkongo na mninga wa Afrika ziliongezwa kwa uamuzi wa mkutano wa Panama wa 2022, na ipe ikaanza kudhibitiwa Novemba 2024. Ukichora aina hizi, weka mstari wa wima kwenye tarehe hizo. Tazama pia miezi michache kabla yake, maana mara nyingi wafanyabiashara hukimbiza mizigo kabla mlango haujabanwa, na mruko huo wa mwisho usiuchukue kuwa ndio mwenendo.

Nigawe kwa idadi ya watu?

Unaweza, China ikiwa na watu bilioni 1.4 na Marekani milioni 330 na ushee. Lakini kwa sababu ya ule mzunguko wa samani, kugawa mbao za kiwandani kwa idadi ya watu wasiozitumia hakukuambii kitu. Mimi siigawi.

Nichoreje mistari miwili yenye ukubwa tofauti hivyo?

Ukiiweka kwenye kipimo kimoja, Marekani inalala chini kama uzi. Ukiipa kila nchi mhimili wake, unaweza kuifanya ikutane popote unapotaka, na hiyo ni njia ya zamani ya kumdanganya msomaji.

Njia nzuri ni kuchagua mwaka wa msingi na kuuita 100 kwa nchi zote mbili, kisha kufuata asilimia. Bado toa tarakimu halisi kando. Tuseme nchi moja imetoka laki 2 hadi laki 4, na nyingine milioni 8 hadi milioni 9. Kwa asilimia, ya kwanza imeongezeka mara mbili na ya pili imesogea kwa 12.5 tu. Kwa meli zilizotia nanga, ya pili imeongeza mara tano ya ile ya kwanza. Msomaji anastahili kuyaona yote mawili. Kwa mwaka wa msingi, wastani wa miaka mitatu ni salama kuliko mwaka mmoja.

Kwa takwimu za mwezi mwezi, Januari na Februari za China ziunganishe. Mwaka Mpya wa Kichina huhamahama kati ya miezi hiyo, na tangu 2020 forodha yao yenyewe huitoa pamoja.

Mwaka wa mwisho kwenye grafu yangu umeporomoka. Kuna nini?

Hesabu miezi. Mara tisa kati ya kumi utakuta ni saba au minane tu ndiyo iliyoingizwa, na programu imeichora kama mwaka mzima. Kama imetimia kumi na miwili, pakua tena faili baada ya miezi kadhaa uone kama tarakimu imerekebishwa. Ikibaki vile vile, basi angalia magogo, kisha samani, mwaka huo huo.